Mwanza Iwape Waandishi Uwanja

Novemba 1994, mjini Toronto, tuzo mpya ya fasihi ilitolewa kwa mara ya kwanza nchini Kanada. Inaitwa Giller, na mshindi wake wa kwanza alikuwa M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia Marekani na hatimaye akahamia Kanada mwaka 1978. Riwaya iliyompa ushindi, The Book of Secrets, inaanzia Dar es Salaam mwaka 1988, pale shajara ya mwaka 1913 iliyoandikwa na ofisa wa kikoloni wa Kiingereza inapomfikia mwalimu mstaafu. Mwaka 2003 Vassanji aliitwaa tena tuzo hiyo kwa The In-Between World of Vikram Lall, hadithi ya Kenya, akawa mwandishi wa kwanza kuipata mara mbili.

Kwa hiyo simulizi za Dar es Salaam na za mpaka wa Tanganyika na Kenya zimesomwa, zimejadiliwa na kuzawadiwa ng'ambo ya Atlantiki kwa miaka 30 na ushee. Kiseke je?

Kiseke ni kata ya Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza. Wengi nje ya mkoa huijua kwa nyumba za uliokuwa mfuko wa pensheni wa PPF na kwa daladala zinazobeba jina hilo kwenye kioo cha mbele. Ni makazi ya walimu, manesi, wafanyabiashara wa samaki, mafundi na wanafunzi, watu waliosoma na wanaosomesha. Ukipita kwenye steshenari za huko utakuta mashine ya kopi haipumziki. Rafuni kuna madaftari, kalamu, kamusi, vitabu vya kiada na mikusanyo ya mitihani ya nyuma. Riwaya ikiwepo, ni ile iliyomo kwenye mtaala, na mara nyingi ni kopi iliyobanwa kwa pini, isiyomwingizia mwandishi hata senti. Tamthiliya ya mwaka huu, diwani iliyoshinda tuzo mwaka jana, hadithi ya watoto iliyosifiwa magazetini, hazifiki. Mwenye duka hana kosa. Hajaulizwa na mteja, na mteja hakuwahi kusikia kwamba kuna kitu cha kuulizia.

Tanzania sasa inazo tuzo za vitabu, nyingine nono kweli. Inachokosa, hasa nje ya Dar es Salaam, ni tamasha: siku chache kwa mwaka ambapo kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwalimu na mnunuzi wanakuwa mahali pamoja. Makala haya yanasema mahali panapofaa kuanzia ni Mwanza, na kwamba sababu zake zipo wazi kwa yeyote anayeijua historia ya Ziwa Victoria.

Kwanza, Kanada inafanyaje? Giller ilianzishwa na mfanyabiashara Jack Rabinovitch kumkumbuka mkewe, Doris Giller, mwandishi wa habari aliyehariri kurasa za vitabu na kufariki mwaka 1993. Mwanzoni mshindi alipata dola za Kanada 25,000. Leo anapata 100,000, na kila aliyefika orodha ya mwisho anapata 10,000. Hafla yake huonyeshwa kwenye televisheni. Rabinovitch alikuwa na desturi ya kuwaambia wageni kwamba bei ya mlo mmoja wa usiku mjini Toronto inatosha kununua vitabu vyote vilivyoteuliwa, basi wakale nyumbani na wanunue vitabu. Ni maneno mepesi, lakini yalikuwa sera. Tangu mwanzo, mwenye tuzo alipima mafanikio kwa nakala zinazotoka dukani.

Mwaka 2010 jambo hilo lilionekana waziwazi. Mshindi alikuwa Johanna Skibsrud kwa riwaya yake ya kwanza, The Sentimentalists, iliyochapwa na Gaspereau Press, kiwanda kidogo cha Nova Scotia kinachojivunia kuchapa kwa ustadi wa mikono. Toleo la kwanza lilikuwa na nakala 800 tu. Usiku wa tuzo ulipopita, nchi nzima iliitaka riwaya hiyo, na kiwanda kiliweza kutoa nakala zipatazo 1,000 kwa wiki. Siku chache baadaye kiwanda kilikubaliana na mchapishaji mkubwa zaidi achape maelfu kwa maelfu. Tuzo iliyojua kuzungumza na umma ilikuwa imemtoa mwandishi kwenye nakala 800 na kumfikisha kila mji.

Serikali nayo ina tuzo zake, zile za Gavana Mkuu, zilizoanza mwaka 1936. Hutolewa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kila lugha ikiwa na makundi 7. Mshindi hupewa dola 25,000. Pembeni yake kuna kifungu ambacho wachache hukitaja: mchapishaji wa kitabu kilichoshinda hupewa dola 3,000 za kukitangaza. Aliyeandika kanuni hizo alijua kwamba mwandishi peke yake hawezi kukisukuma kitabu mpaka kimfikie msomaji. Tangu 1986 kuna pia mpango wa kuwalipa waandishi kwa vitabu vyao vinavyowekwa kwenye maktaba za umma, hivyo anayeazimwa bure naye anahesabiwa kuwa ni msomaji mwenye thamani.

Halafu yako matamasha. Toronto ilianza tamasha lake la kimataifa la waandishi mwaka 1980. Vancouver ilifuata mwaka 1988, Montreal mwaka 1999 kwa tamasha la lugha nyingi liitwalo Blue Metropolis. Hiyo ni miji mikubwa yenye mabenki na majumba ya maonyesho. Mfano unaopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi huku ziwani ni Eden Mills, kijiji kilichoko Ontario ambacho wakazi wake hawafiki hata elfu moja. Mwaka 1989 mwandishi Leon Rooke, mkazi wa hapo, alikuwa anazindua kitabu. Akawaalika waandishi wenzake, wakasoma hadharani, watu wakafurahi, na mwaka uliofuata wakarudia. Tangu hapo kijiji kimekuwa kikipokea waandishi kila mwaka. Wanasomea nje, kwenye viwanja na nyua za wenyeji, wasikilizaji wamekaa kwenye majani. Hakuna ukumbi wa watu elfu tano uliojengwa kwanza.

Msomaji anaweza kuona kwamba Kanada ni mbali na habari zake hazimhusu. Ukweli ni kwamba jina la Kanada limo ndani ya fasihi ya Kiswahili tangu zamani. Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alipewa Tuzo ya Margaret Wrong. Huyo Margaret Wrong alikuwa mwanamke wa Toronto aliyetumia maisha yake kuhimiza uandishi na uchapishaji wa vitabu barani Afrika, akafariki mwaka 1948 huko Gulu, Uganda, akiwa kazini. Wanafunzi wa Tanzania wanasoma Shaaban Robert kila mwaka, lakini ni nadra kuelezwa kwamba heshima mojawapo aliyoipata ina jina la mtu aliyefia katika ardhi ya Afrika Mashariki.

Miaka sitini baada ya kifo cha Margaret Wrong, Mkanada mwingine, William Burt, alifadhili tuzo ya vitabu vya vijana kupitia shirika la CODE. Ilitolewa Ghana, Tanzania, Ethiopia na Kenya. Hapa nchini ilisimamiwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991. Ilikuwa tuzo ya vitabu vya Kiingereza, na hapo wapenzi wa Kiswahili walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini utaratibu wake ulikuwa wa kuigwa. Mwandishi alipewa fedha, na mchapishaji akahakikishiwa kwamba maelfu ya nakala yatanunuliwa na kupelekwa shuleni na maktabani. Kitabu kilichoshinda hakikubaki kwenye picha ya hafla. Kilipakiwa kwenye maboksi, kikaenda kwa wanafunzi wa sekondari.

Kwa upande wa Kiswahili, hatua kubwa ilipigwa mwaka 2014 pale Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi walipoanzisha tuzo inayojulikana leo kama Safal-Cornell. Jumla ya zawadi zake ni dola za Marekani 15,000. Washindi wa kwanza mwaka 2015 walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Khelef Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Mwaka 2017 Dotto Rangimoto alishinda kwa mashairi ya Mwanangu Rudi Nyumbani, na Ali Hilal Ali kwa riwaya ya Mmeza Fupa. Fedha hizo zimetoka kwa sehemu kubwa kwenye biashara ya mabati: Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya Tanzania, kampuni zilizoezeka nyumba nyingi za ukanda huu. Mwenye kiwanda cha bati aliona faida ya kuwalea washairi. Wenye viwanda vya samaki vya Mwanza, wenye pamba na wenye dhahabu ya Geita wanaweza kuona hivyohivyo.

Kisha ikaja Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza wa kila nyanja hupata shilingi milioni 10, na Serikali hugharamia uchapaji wa miswada iliyoshinda ili isambazwe shuleni. Kamati yake imeongozwa na Profesa Penina Mlama, mwandishi wa tamthiliya mwenye heshima kubwa. Nyanja zimeongezeka hadi kugusa hadithi za watoto na tamthiliya. Ni jambo zuri kuliko mengi yaliyofanyiwa fasihi nchini kwa miongo mingi, na walioliwazia wanastahili pongezi bila masharti.

Pongezi hizo hazizuii kusema kilichobaki. Hafla za tuzo hiyo zimezoeleka Dar es Salaam. Wageni wanakaa mezani, viongozi wanahutubia, washindi wanapewa hundi na kupigwa picha, habari inatoka kesho yake. Mwanafunzi wa Kiseke anaona picha kwenye simu. Hajasikia hata ukurasa mmoja wa kazi iliyoshinda ukisomwa na aliyeiandika. Hajapata nafasi ya kumuuliza kwa nini mhusika fulani alikufa. Miezi ikipita, kitabu kinaweza kufika shuleni kwake kikiwa na muhuri, kikawekwa kabatini pamoja na vingine, na hakuna aliyemwandaa kukitamani.

Kwa nini Mwanza? Kwa sababu ya Ukerewe, kwanza kabisa.

Kisiwa hicho, kinachofikiwa kwa meli kutoka bandari ya Mwanza hadi Nansio, kimetoa waandishi watatu ambao nchi yoyote ingejisifia. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya mke na mume waliokosa mtoto na hatimaye wakajaliwa wawili. Ndani yake ameweka kilimo, uvuvi, ndoa, tiba, ugomvi wa wakwe, pombe ya ndizi na adabu ya kumkaribisha mgeni, vyote kwa undani ambao mwanahistoria hawezi kuupata kwingine. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kinene cha lugha ya watu wachache. Mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, miaka 35 baada ya kukamilika. Nakala zilichapwa China. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hizo hazijamfikia kisiwani.

Wa pili ni Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, mwandishi wa Village in Uhuru, Miradi Bubu ya Wazalendo na Janga Sugu la Wazawa. Ndiye aliyeitafsiri kwa Kiingereza kazi ya Kitereza, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Wa tatu ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo 13 Aprili 1944, yaani tarehe ileile ambayo leo hutolewa tuzo ya Mwalimu, na akafariki Januari 2020. Rosa Mistika ya mwaka 1971 iliwahi kupigwa marufuku shuleni, baadaye ikawa kitabu cha kiada. Ilifuatwa na Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, na mashairi ya Kichomi yaliyozua mjadala mkali kwa kuacha vina na mizani. Anayesoma Rosa Mistika akiwa Mwanza anasoma habari za mahali anapopajua: kisiwa kilicho ng'ambo ya maji, safari za kwenda na kurudi, wasichana waliotumwa mjini kusoma.

Waandishi watatu, kisiwa kimoja, na mji mkubwa wa karibu hauna tamasha la vitabu la kila mwaka linalowakumbuka. Toronto ingekuwa na Kezilahabi, ingemfanyia nini?

Sababu ya pili ni kwamba watu wa ziwa wanajua kufanya mashindano ya sanaa kwa namna inayomfanya mtazamaji kuwa mwamuzi. Kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, Bujora na Kisesa hujaa watu wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Kituo cha Bujora, chenye makumbusho ya Wasukuma, kilianzishwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, aliyezipenda ngoma za Wasukuma na kuziingiza katika maisha ya parokia wakati wengine walikuwa wakizikemea. Katika Bulabo, makundi mawili ya jadi, Bagika na Bagalu, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Huku kuna majembe yanayorushwa juu kwa mpigo wa bugobogobo, kule chatu anazungushwa shingoni mwa mchezaji. Watu wanahama. Kundi lililokuwa limezungukwa na umati dakika kumi zilizopita linaweza kubaki na watoto wachache, kwa kuwa upande wa pili umeleta kituko kipya. Atakayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Wachezaji hujiandaa kwa miezi wakijua kwamba hukumu itatolewa kwa miguu ya watazamaji.

Utaratibu huo ukihamishiwa kwenye vitabu, utazaa kitu ambacho Kanada yenyewe imekitafuta kwa njia nyingine. Tangu 2002 shirika la utangazaji la umma la huko, CBC, lina kipindi kiitwacho Canada Reads. Watu watano maarufu, wakiwemo wanamuziki, wanamichezo na waigizaji, kila mmoja hutetea kitabu kimoja. Kila siku wanapiga kura na kitabu kimoja kinatolewa, mpaka kinabaki kimoja ambacho nchi nzima inahimizwa kukisoma. Maduka huviweka vitabu hivyo mbele ya mlango kabla kipindi hakijaanza. Mwanza ina redio zinazosikika mbali, Radio Free Africa ikiwa mojawapo, na ina watangazaji wanaojua kuchambua mechi ya Pamba Jiji kwa saa mbili bila kuchoka. Mtangazaji huyohuyo akipewa Gamba la Nyoka upande mmoja na riwaya iliyoshinda tuzo ya Nyerere upande wa pili, na watetezi wawili wenye ulimi, wasikilizaji wa Sengerema, Magu na Misungwi watapiga simu.

Majirani hawakusubiri. Kisii, mji wa Kenya usio mbali na ziwa hilihili, una tamasha la ushairi la Kistrech tangu 2013, lililoanzishwa na mshairi Christopher Okemwa. Washairi wa mataifa mbalimbali wanafika Kisii, siyo Nairobi. Nairobi nayo imepata Macondo tangu 2019, ambalo Yvonne Adhiambo Owuor ni mwanzilishi mwenza wake, na Kenya imekuwa na Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta tangu 1974. Kampala ilitoa FEMRITE mwaka 1996, jumuiya ya waandishi wanawake iliyokuza majina mengi. Mwanza iko katikati ya njia hizi zote, na bado mwandishi akitoka Kisumu au Kampala kwenda Dar es Salaam huipita kwa ndege.

Zipo hoja mbili za kupinga, na zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ni ile ya kila siku: Watanzania hawasomi. Inasemwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajawahi kuweka kitabu kipya mbele ya Mtanzania kwa bei anayoiweza. Wazazi wa Ilemela, manispaa yenye watu zaidi ya 500,000 kwa sensa ya mwaka 2022, hununua vitabu kila Januari, tena kwa kukopa. Vijana husoma hadithi ndefu za mfululizo kwenye simu, sehemu ya kwanza hadi ya hamsini, na humlipa mwandishi kwa mitandao ya simu ili wapate inayofuata. Hamu ipo. Riwaya nzuri zilizohaririwa vizuri ndizo hazijapelekwa ilipo hamu hiyo.

Ya pili ni fedha. Hapo pana jambo la kujifunza kwa tahadhari. Giller ilibeba jina la benki ya Scotiabank kwa karibu miaka ishirini, ikapata fedha nyingi. Mwaka 2023 waandamanaji walikatiza hafla yake kwa sababu benki hiyo ilikuwa na hisa katika kampuni ya silaha ya Israel, waandishi wengi wakajitenga na tuzo, na ushirikiano huo ukavunjika mwaka 2025. Tamasha linalosimama juu ya mfadhili mmoja hutikisika mfadhili huyo akitikisika. Tamasha la Mwanza lianze dogo, lilipiwe na wengi: halmashauri mbili za jiji na manispaa, vyuo, viwanda, parokia na misikiti, na viingilio vya usiku wa mashairi. Halmashauri tayari zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinachokopeshwa bodaboda kinaweza kukopeshwa pia vitabu vya kuuza, na mchapishaji akikubali kurudishiwa visivyonunuliwa, hatari inapungua kwa kila upande.

Wakati unaofaa ni mwanzoni mwa Julai. Bulabo inakuwa imekwisha, mvua za masika zimepita, na tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hapa nchini ni pia Sabasaba, sikukuu ya mapumziko, kwa hiyo mzazi yuko nyumbani. Muhimu zaidi, washindi wa tuzo ya Mwalimu hutangazwa Aprili. Taasisi ya Elimu Tanzania ikifanya juhudi, miezi mitatu inatosha kuchapa walau toleo dogo la kazi zilizoshinda na kumsafirisha kila mshindi hadi Mwanza na maboksi yake. Hundi apewe Dar es Salaam, wasomaji awakute ziwani.

Mahali pia papo. Viwanja vya Furahisha, Kirumba, vimezoea mikutano na matamasha ya muziki na vinaweza kubeba siku ya kilele. Siku zinazotangulia zigawanywe kwenye kata, kwa mtindo wa Eden Mills. Kiseke iwe ya kwanza, kwenye viwanja vya shule zake, mchana baada ya masomo, viti vikiazimwa kwa waumini na spika kwa vijana wa muziki. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoko Malimbe, kina wanafunzi wa uandishi wa habari wanaoweza kurekodi na kurusha kila kinachosomwa. Kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, shule za Sengerema na Geita zinaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo bila kupanga foleni ya kivuko. Wale wa Ukerewe waje kwa meli, na waje kama wenyeji wa heshima.

Katika siku hizo kuwe na mambo machache yanayofanywa vizuri. Mshindi wa tuzo asome kurasa zake na kuulizwa maswali na wanafunzi, siyo na viongozi. Shule mbili zishindane kughani mashairi uwanja mmoja kwa wakati mmoja, umati uamue kwa kuhama kama Kisesa. Walimu wa Kiswahili wakae nusu siku na wachapishaji wa Dar es Salaam, waambiane ukweli juu ya bei na juu ya kopi za steshenari. Wenye hadithi za mfululizo kwenye simu wakutanishwe na wahariri, kwa kuwa miongoni mwao yumo anayestahili kuchapwa. Na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa mwaka 2021, iwepo mezani kwa Kiswahili, ili ushindi ule ulioshangiliwa nchi nzima upate hatimaye wasomaji wake wa bara.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka iwe na meza yake. Mchapishaji ajulishwe mapema, halmashauri ichangie karatasi, bei ipangwe mwanafunzi wa kidato cha pili aimudu kwa fedha ya nauli ya wiki. Madiwani wa Ilemela na Nyamagana wanakaa vikao vya bajeti miezi ya mwanzo wa mwaka. Kifungu hicho kiombwe katika kikao kijacho, na diwani wa Kiseke awe wa kwanza kukiomba.